Wepukhulu, Mfalme wa Kwanza wa Tarumbe

Haya, tuanze na mfalme mwenyewe, maana watu wamemsema mengi na wengi wao hawajui hata Bungoma iko upande gani.

Mfalme Wepukhulu ndiye aliyeanzisha ufalme wa Tarumbe. Alivuka mto wa maji mekundu na watu sitini nyuma yake, akapanda kilima, akachomeka fimbo ardhini, akageuka akawaambia: "Nimefika. Mmebakisha nini?" Hapo ndipo gemu ya Tarumbe ilikuwa inaanzia. Ukiiwasha, kabla hujaokota hata upanga, unamwona kilimani na joho lake la manyoya, ndevu zimefika kifuani, na swali lake ni hilo hilo. Wachezaji wa nchi za mbali wameliandikia kurasa kwa kurasa. Mmoja alisema ni swali la urithi wa dunia. Mwingine akasema la, ni swali la kifo. Wakabishana mpaka wakatukanana.

Wangemuuliza Emmy, angewaambia kwamba lile ni swali la chakula. Emmy ndiye aliyeandika historia yote ya Tarumbe, vita vyake na ndoa zake na koo zake zinazochukiana. Ni mwanamke wa miaka thelathini na tisa, zamani mwalimu wa historia katika sekondari, sasa anakaa peke yake Tuwan, pale Kitale, chumba kimoja na jiko. Maneno yale aliyatoa kwa mdogo wake. Huyo mdogo wake, kitinda mimba wa mama yao, alikuwa na tabia ya kurudi nyumbani watu wakiwa wamemaliza kula. Anasukuma mlango kwa goti, anaingia, anasema, "Nimefika. Mmebakisha nini?" Ndiyo ilikuwa salamu yake, hakujua nyingine. Na jina lake lilikuwa Wepukhulu.

Alikufa akiwa na miaka ishirini na nne, kwenye mteremko wa Kapsokwony, siku ya mvua, amebeba magunia mawili ya vitunguu kwa pikipiki. Hakuwa ameoa. Hakuwa na mtoto, hata wa kusingiziwa. Walimzika kando ya nyumba ya mama yake, watu wakala, wakakunja mahema, wakaenda zao. Miaka tisa hiyo.

Sasa hapa lazima nieleze jambo, na asiyependa mambo ya mila avumilie kidogo. Kwao Emmy, mtu akifa, jina lake haliachwi lizurure. Mtoto akizaliwa hupewa jina la marehemu wa ukoo, na marehemu mwenyewe ndiye huja kuliomba, kwa ndoto. Haji na makelele. Anasimama mlangoni, pengine anaomba maji, na aliyeota akiamka anajua ni nani anataka kurudi. Akishapata wa jina lake, anapumzika, haji tena. Na kama mtoto mchanga analia usiku na mchana bila kunyamaza, akina mama humpakata wakamtajia majina ya wafu, moja moja, mpaka lifike lile analolitaka. Hapo ananyamaza. Kanisani hawalisemi sana jambo hili, lakini wakitoka kanisani wanalifanya.

Mama yao, Mama Agneta, alianza kumwota Wepukhulu hata matanga hayajaisha. Na nafasi za jina zilikuwapo. Barasa, kifungua mimba, karani wa serikali mjini Bungoma, alipata watoto watatu baada ya msiba ule. Mara tatu Mama Agneta alimweleza mke wa Barasa, Roselyne, ndoto aliyoota. Mara tatu Roselyne akakataa, kwa heshima lakini kwa kichwa kigumu. Kwao, alisema, jina la mtu aliyekufa bila mtoto halipewi mtoto, litamfuata. Utamlaumu? Tumbo ni lake. Na Emmy je? Emmy alipasuliwa akiwa na miaka thelathini na mmoja kwa ajili ya uvimbe, wakatoa uvimbe wakatoa na kizazi. Mume aliyekuwapo akawa hayupo. Basi jina la Wepukhulu likabaki kulala nje.

Ndipo ikaja ile kampuni ya gemu. Nikisema kampuni msifikirie ghorofa na lifti. Ni chumba kimoja juu ya duka la mabati, karibu na msikiti, watu watano na birika la chai. Mwenyewe ni Shafi, kijana wa pale pale Kitale. Nimo anachora, Kipsang anaandika programu, Emmy anaandika hadithi, na sauti ya mfalme ni ya Cheruiyot, mwimba besi wa kwaya, ambaye akikusalimia asubuhi vikombe vinatikisika.

Miaka miwili iliyopita, wakati wa palizi, mfalme alikuwa hana jina. Walimwita tu Mfalme wa Kwanza. Na kila alipotakiwa kupanda kile kilima, kompyuta iliganda ikaanza kutoa mlio, mlio mmoja mrefu wa kukera. Kipsang alihangaika nayo siku nne. Siku ya tano, baada ya chakula cha mchana, Emmy alichoka na ule mlio akafanya mzaha. Aliinama mbele ya kompyuta kama mtu anayebembeleza mtoto, akaanza kuitajia wafu wa kwao, kila jina akiliandika mahali pa jina la mfalme. Babu yake. Mashine ikalia. Shangazi yake aliyekufa Moi's Bridge. Ikalia. Akaandika Wepukhulu. Mfalme akapanda kilima, akachomeka fimbo, akasimama. Chumba kikawa kimya.

Kipsang alisema, na anasema mpaka leo, kwamba dakika hiyo hiyo alikuwa amerekebisha kosa kwenye mashine yake. Emmy alimwambia sawa bana, ni wewe. Halafu akaenda chooni akalia mpaka Nimo akatumwa kumwangalia.

Tusidanganyane, ulikuwa ni upweke. Mtu mwenye wa kurudi kwake angecheka, akasimulia nyumbani, wakacheka wote, ikaisha. Emmy hakuwa na wa kumsimulia. Kwa hiyo alilichukua jambo lile kwa mikono miwili. Tangu siku hiyo kila alichokumbuka kuhusu mdogo wake alimtia mfalme. Mfalme akawa anashika upanga kwa mkono wa kushoto. Akawa hali mayai, na wachezaji wanauliza mpaka kesho ni mwiko gani huo, kumbe ni kwamba Wepukhulu alisakamwa na yai akiwa na miaka sita. Na maneno yale ya mlangoni akampa Cheruiyot ayaseme kwa besi yake.

Jioni akifika Tuwan, Emmy anapika, anawasha gemu, anaweka simu mezani karibu na sahani. Mfalme anapanda kilima. Nimefika, mmebakisha nini? Naye anamjibu, ugali uko, mrenda uko, osha mikono. Jirani yake Fridah alidhani amepata mtu wa kuongea naye kwa simu, akamfurahia moyoni, asimuulize. Emmy hakumsahihisha. Na mama yake hakumwambia lolote kuhusu jina lile, kwa maana unaanzaje?

Basi Jumatatu moja Shafi akamwita kando. Alikuwa na habari njema, lakini uso wake haukuwa wa habari njema. Kuna watu wa ng'ambo wanataka kuipeleka gemu nchi nyingi zaidi. Wameipenda yote, ila jina la mfalme linawashinda. Wameliwekea watu ishirini walisome, na wote ishirini wamelivunja. Wanaomba jina fupi. Wamependekeza Belu.

"Dada Emmy, huyu mtu wewe ndiye umemzaa," Shafi alisema. "Ukikataa, mimi nawaambia tumekataa, na dunia haitaisha. Nataka tu jibu lako Ijumaa."

Jibu lilikuwa tayari mdomoni. Hapana, hapana mara mia. Lakini neno lile la kuzaa lilimkwama. Mtoto hapewi jina bila nyanya yake kujua, na yeye alimpa mfalme jina la mtoto wa mwenyewe kimyakimya, kama mwizi wa kuku. Kama ni kulipigania jina hilo, basi alipiganie likiwa na baraka. Akaomba ruhusa, na Jumatano kabla ya saa nne alikuwa Bungoma, kwenye kiti cha mbao mbele ya mlango wa mama yake.

Mama Agneta ana miaka sabini na mmoja na anaishi na ng'ombe mmoja na redio. Barasa humpitia Jumapili baada ya ibada, dakika ishirini, gari likinguruma nje. Alimpa Emmy chai, akamuuliza habari za Kitale, mvua, kazi, kanisa, akamaliza. Wakabaki wakichambua maharagwe kwenye ungo. Emmy aliona pale kwenye kabati sahani iliyofunikwa kwa sahani nyingine, juu yake vumbi. Akaona aanzie hapo. Akauliza kama Wepukhulu bado anakuja.

Mama Agneta aliokota kijiwe kwenye maharagwe, akakitupa nje. Kisha akaanza kusema, na alisema kama mtu ambaye hajaulizwa kitu cha maana kwa miaka.

Alikuwa anakuja, alisema. Kwa mwezi mara moja, mara mbili. Anasukuma mlango kwa goti, anauliza wamebakisha nini, naye anamwambia, wanaongea kidogo, mambo ya ng'ombe, mambo ya majirani. Hakusema aliko na yeye hakumuuliza. Akiamka anakuta siku ni nyepesi, hata maji ya kisima hayana uzito. Ndiyo maana ya ile sahani. Barasa alipoiona alisema mama anaanza kuchanganyikiwa, akamleta pasta aje kumwombea. Wakamwombea mara tatu. Ili wamwache, aliwadanganya. Alimwambia pasta, asante, sasa haji tena. Na haukupita mwezi, kweli akaacha kuja. Hajaja tena mpaka leo.

"Ni miaka miwili," alisema. "Ilikuwa wakati wa palizi. Nikajua Mungu ameniadhibu kwa ule uongo."

Emmy aliacha kuchambua maharagwe. Miaka miwili, wakati wa palizi. Hakuhitaji kalenda.

Akamweleza mama yake kila kitu. Kompyuta iliyolia, majina ya wafu, mfalme, mayai. Alieleza vibaya, akirudi nyuma na kwenda mbele, maana kumweleza mama wa miaka sabini na mmoja mfalme asiyekuwapo wa nchi isiyokuwapo si kazi ndogo. Mwishowe akatoa simu, akaiwasha gemu, akamshikisha. Mama Agneta aliisogeza mbali na macho, akatazama. Akasema huyu ni mzee. Emmy akasema ni mfalme, Mama. Mfalme akapanda kilima, akachomeka fimbo, akageuka. Yale maneno yalipotoka, Mama Agneta alifunika kioo cha simu kwa kiganja, upesi, kama mtu anayefunika uso wa mtoto kwenye upepo.

"Alikuomba hilo jina?" aliuliza.

Emmy akasema hapana, hakumwota hata siku moja. Ila mashine ilinyamaza.

"Basi wewe ndiye umempumzisha," mama yake alisema. "Miaka miwili nikimlilia Mungu, kumbe ni wewe."

Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomuuma Emmy zaidi. Alijitetea. Si ndicho walichotaka wote? Si Mama mwenyewe alimwendea Roselyne mara tatu, ili mtoto apate pa kukaa, apumzike? Sasa amepata mahali. Watu wa nchi ambazo hawa wawili hawatazifikia wanamjua kwa jina. Akilitoa jina, si Wepukhulu atakuwa amerudi nje tena?

Mama Agneta aliweka ungo chini. Akasema ukweli wake, na sidhani kama aliwahi kumwambia mtu mwingine. Mara ya kwanza alimwendea Roselyne kwa moyo mweupe. Mara ya pili na ya tatu alikwenda kwa sababu mila inataka hivyo, lakini njia nzima akiogopa Roselyne asije akakubali. Alipokataliwa alirudi nyumbani akiimba.

"Nje ya mlango wangu si nje," alisema. "Ni kwao. Mrudishe, mama. Wewe una kazi, una watu huko Kitale. Mimi nina nani?"

Emmy alitaka kumwambia kwamba huko Kitale hana watu. Kwamba huyo mfalme ndiye watu wake. Lakini mtu atasemaje hivyo mbele ya mwanamke aliyemzaa huyo Wepukhulu, anayelala hatua kumi kutoka kaburi lake? Alisema ndiyo, Mama. Akamalizia maharagwe.

Ijumaa alimwambia Shafi amekubali Belu. Kipsang alisema kulitoa lile jina ni kazi ya sekunde moja, mashine inalibadilisha kila mahali kwa mara moja. Emmy akasema asante, atalitoa mwenyewe. Alifungua ukurasa baada ya ukurasa tangu asubuhi mpaka wenzake walipoanza kuvaa makoti, akilifuta kwa mkono, kwenye vita, kwenye ndoa, kwenye wimbo wa mazishi. Hata maneno ya kilimani aliyatoa. Belu sasa anasema, "Hii ndiyo nchi yetu." Hakuna atakayeliandikia neno hilo kurasa. Nimo alimletea chai ikapoa hapo mezani.

Kesho yake alfajiri mama yake, aliyekwisha kuambiwa kwamba jina limetoka, akapiga simu. Akasema bado, hajaja. Emmy akasema pengine hajajua kama amefunguliwa, ampe muda. Jumapili akapiga. Bado. Mama Agneta alikuwa ameiosha ile sahani, kila jioni anaiwekea chakula, kila asubuhi anampa kuku. Wiki ikapita, na ya pili, na ya tatu. Ikawa ndiyo desturi, saa kumi na mbili simu inalia, neno moja, bado, kisha habari za ng'ombe. Emmy alimhurumia mpaka akawa anaamka kabla ya simu, akiikodolea macho. Yeye mwenyewe jioni alikuwa anakula amesimama, hana haja ya kukaa. Gemu hakuiwasha tena. Fridah alidhani yule mtu wa simu amemwacha, akamletea ndizi, asiulize.

Jumapili ya sita Emmy alitoka kanisani, akapika ugali na mrenda, akala nusu, mvua ikaanza kupiga mabati, na usingizi ukamkuta hapo hapo kwenye kiti.

Mlango ulisukumwa kwa goti. Aliingia na gamubuti zake, amelowa, ananuka vitunguu. Akasema, "Nimefika. Mmebakisha nini?"

Na ile sauti. Ilikuwa nyembamba, imekwaruza kidogo, inapitia puani kwa sababu ya mafua yake yasiyoisha. Haikuwa na besi hata kidogo. Emmy alikuwa ameisahau. Miaka miwili alikuwa akimsikiliza Cheruiyot wa kwaya akidhani anamsikiliza mdogo wake, na sauti yenyewe ilikuwa imemtoka kichwani bila yeye kujua, kama maji kwenye ndoo iliyotoboka. Alimwambia ugali upo, mrenda upo, osha mikono. Akaosha. Wakaongea kidogo, mambo ya majirani.

Alipoamka mvua ilikuwa imekatika na mlango umefungwa. Alilia, na kilio chenyewe kilikuwa cha furaha, msimhurumie. Alijua mila inasemaje: amekuja kwake kuomba jina, kwa mwanamke ambaye hawezi kumzalia wa jina hilo. Maana yake hatapumzika kamwe. Atakuja tena na tena. Emmy alitafuta sahani ya pili, akaipakulia ugali uliobaki, akaifunika.

Jumatatu, saa kumi na mbili, simu ikalia.

"Bado," alisema Mama Agneta. Hakuendelea na habari za ng'ombe. Emmy akasikia redio ya kule nyuma, kisha mama yake akauliza jambo ambalo hakuwahi kuuliza siku zote hizo. "Na kwako?"

Emmy alitazama ile sahani. Alijua kwamba akisema kweli, mama yake atajua mtoto amemruka, yeye aliyeomba arudishwe, na kwa umri ule sijui kama angelibeba. Hiyo ni sababu, na ni sababu ya kweli. Ya pili pia aliijua, na haikuwa nzuri. Mama akijua yuko wapi, atamwita. Na akiitwa na mama yake, atakwenda.

"Hapana, Mama," alisema. "Hata kwangu hajakuja."

Mama Agneta alipumua. Sauti yake ikawa laini, ya kumbembeleza binti yake, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu siku ya mazishi.

"Usijali," alisema. "Basi tutamngoja wote. Angalau tuko wawili."

Emmy akasema ndiyo, Mama, tuko wawili.